Mtoto Akisharudi Nyumbani

Machi 2023 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ya Tanzania ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa madarasa ya awali hadi darasa la nne. Sababu iliyotolewa ilieleweka upesi: mtoto wa umri huo anahitaji kukaa na wazazi wake na kulelewa na jamii yake. Mabishano yaliyofuata yalihusu ada, biashara ya shule binafsi na wazazi wanaofanya kazi mbali na makwao. Swali moja halikuulizwa kwa nguvu inayostahili: mtoto akisharudishwa nyumbani, huko nyumbani atafundishwa nini, na nani, saa ngapi? Lisogeze swali hilo hadi Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro, ambako watoto karibu wote wa umri huo hawajawahi kulala bwenini, nalo linazidi kuwa zito, kwa sababu huku hapana cha kupigwa marufuku. Mtoto yupo nyumbani tayari. Darasa la awali linamwachia kabla ya saa sita mchana, na kutoka hapo mpaka magharibi yuko mikononi mwa mama, bibi, kaka, dada na watoto wenzake. Hoja yangu ni kwamba saa hizo ni saa za masomo, ziwe zimepangwa au zimejiendea zenyewe. Na kwamba kwa mtoto wa miaka minne hadi minane, michezo na kazi za mikono zinazofanyika nyumbani zinaweza kumjengea kusoma, kuhesabu na kufikiri kuliko benchi la darasa lililofurika, iwapo wazazi watazipa saa hizo uzito ule ule wanaoupa mtihani.

Kuhusu sheria tusidanganyane. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule anapotimiza miaka 7 na ahakikishe anahudhuria. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, katika toleo lake la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, yaani 6 ya msingi na 4 ya sekondari ya chini, ikitanguliwa na mwaka mmoja wa awali. Wako wazazi katika miji mikubwa wanaofundisha watoto wao nyumbani moja kwa moja, kwa mitaala ya nje na mitihani ya nje. Njia hiyo inataka fedha, intaneti na mzazi asiyekuwa na kazi nyingine, na haimhusu mkulima wa Rudewa wala mama ntilie wa stendi ya Mikumi. Ninayoitetea ni elimu ya nyumbani inayoandamana na shule: asubuhi mwalimu, alasiri nyumba, na kabla ya umri wa kuandikishwa nyumba peke yake. Anayetaka kumtoa mtoto shuleni asiutumie ukurasa huu kama hati ya ruhusa.

Tuanze na vitu vyenyewe, kwa sababu katika umri huu vitu ndivyo vitabu. Kimamba na Rudewa ni nchi ya mkonge tangu enzi za wakoloni, na singa za katani si kitu cha kutafutwa mbali. Mpe mtoto wa miaka sita fungu la singa na mtu wa kumwonyesha. Atazigawa sehemu tatu, atazipitisha moja juu ya nyingine, atavuta kwa nguvu iliyo sawa ili msuko usilegee, ataongeza singa mpya kabla zile za kwanza hazijaisha. Kamba ikifika mara mbili ya kimo chake ataishika ncha zote mbili na kuanza kuruka, wenzake wakihesabu. Katika kazi hiyo moja amepima, amegawa kwa tatu, amerudia mpangilio bila kuuvunja, amevipa vidole vyake nguvu na utulivu vitakaouhitaji kushika penseli, kisha ametoka jasho na kuhesabu hadi mia bila mtu kumwambia kwamba hili ni somo la hisabati. Mdako nao ni hivyo hivyo. Kinachimbwa kishimo, kokoto zinajazwa humo, mchezaji anarusha moja juu, na kabla haijatua mkononi awe ameshazikomba nyingine. Anaporusha tena anazirudisha zote isipokuwa idadi inayotakiwa, moja katika duru ya kwanza, mbili katika ya pili, tatu katika ya tatu. Huko ni kutoa na kugawa kwa mafungu, tena kwa kasi ya jiwe linaloanguka. Katika rede mtoto aliye katikati hukwepa mpira huku akijaza mchanga kwenye chupa, na inambidi kukadiria kwa pamoja mwendo wa mpira, umbali wa mrushaji na nafasi iliyobaki chupani. Chandimu haianzi mpaka mtu amesokota mpira wenyewe kwa soksi kuukuu, matambara na kamba za mgomba, na mpira uliosokotwa vibaya huziadhibu timu zote mbili bila upendeleo.

Kinachonivuta katika michezo hii ni kwamba ufundi na mazoezi ya viungo havijatengana. Mtoto hutengeneza kabla ya kucheza, na mchezo ndio unaompa alama: kamba mbovu hukatika, gari la waya lenye magurudumu yasiyolingana huenda upande. Hahitaji tiki ya kalamu nyekundu kujua alipokosea, na anarudi kurekebisha kwa hiari yake, jambo ambalo mwalimu yeyote wa darasa la kwanza angelipa chochote kuliona kwenye daftari. Shule inapolichukua jambo hili hulipasua vipande viwili, kipindi cha sanaa siku moja na kipindi cha michezo siku nyingine, halafu michezo yenyewe inageuka mchujo. Mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, ni jambo jema kwa nchi, na kijana wa darasa la sita mwenye kipaji apande kutoka shule hadi kata, wilaya na mkoa. Ila mchujo humfanya mtoto wa miaka saba kuwa mtazamaji wa kaka zake katika umri ambao mwili wake unahitaji kukimbia, kuruka, kutupa, kudaka na kusimama kwa mguu mmoja kila siku. Uwanja wa nyumbani haumchuji mtu. Wakipungua wachezaji, hata yule mzito wa mbio anaitwa.

Dola yenyewe imekuwa ikiizunguka hoja hii kwa zaidi ya nusu karne. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba kabla ya ukoloni watoto wa Afrika walijifunza kwa kuishi na kutenda, akailaumu shule ya kikoloni kwa kumtenga mtoto na jamii yake. Tiba aliyoipendekeza iliingiza shamba na karakana ndani ya uzio wa shule. Nyumba yenyewe haikupewa kazi mahususi. Mtaala wa 2005 ukawa na masomo ya Stadi za Kazi na Haiba na Michezo. Mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili yakabanwa kwenye KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa sababu nzuri kabisa: watoto walikuwa wakipanda madarasa bila kujua kusoma. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umewarudishia wadogo utamaduni, sanaa na michezo. Mlango unafunguliwa, unafungwa, unafunguliwa tena, na mara zote uko ndani ya ratiba ya mwalimu yule yule. Kiwango cha serikali kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 na uandikishaji kuruka, shule nyingi za vijijini zimekivuka kiwango hicho mara mbili au zaidi. Hata mwalimu mwenye moyo wa dhahabu hawezi kusimama nyuma ya kila mtoto aone kidole gani kinaukosea msuko. Bibi mwenye wajukuu watatu anaweza. Huo ndio uwiano ambao hakuna bajeti ya wizara itakayoufikia, na upo bure katika kila kitongoji kuanzia Ilonga hadi Kidodi.

Ila nyumba hizi zina upungufu mmoja mkubwa, na anayezisifu bila kuutaja anazidanganya. Zina mikono na michezo; hazina maandishi, na mara nyingi hazina mtu mzima anayezungumza na mtoto juu ya kile anachokifanya. Tangu 2010 tathmini ya Uwezo, iliyoendeshwa na shirika la Twaweza, ilipita kaya kwa kaya ikiwapima watoto wa miaka 7 hadi 16, na matokeo yake yaliishtua nchi: watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Lawama zote zilielekezwa shuleni, na shule zilistahili sehemu yake. Jambo lililopita bila kuangaliwa ni mahali pa kipimo chenyewe. Watoto walipimwa nyumbani kwao, kwa karatasi yenye silabi, maneno, aya na hadithi fupi, na mzazi yeyote ajuaye kusoma aliyesimama kando angeweza kumpima mwanawe kwa karatasi ile ile kila mwezi. Mkoa wa Morogoro ulikuwa miongoni mwa mikoa ya Tusome Pamoja, mradi uliofadhiliwa na Marekani kuanzia 2016, na baadaye Jifunze Uelewe, yote miwili ikilenga usomaji wa madarasa ya mwanzo. Miradi ina mwaka wa kuanza na mwaka wa kufunga. Kinachobaki baada yake ni kile ambacho kaya imejizoesha kukifanya.

Na maandishi hayako mbali kama tunavyojizoesha kulalamika. Nyumba isiyo na kitabu hata kimoja ina kanga, na kila kanga ina jina lake lililoandikwa kwa herufi kubwa, la Kiswahili fasaha, fupi, lenye maana ya kujadiliwa. Mama akiikunjua aanike, mtoto wa miaka mitano anaweza kutafuta herufi ya jina lake humo. Wa miaka saba anaweza kulisoma lote na kuuliza linamsema nani, swali ambalo litazaa mazungumzo marefu kuliko zoezi lolote la ufahamu. Ruembe na Ruaha, ambako wazazi wanalima miwa ya kiwanda cha Kilombero, sukari hurudi jikoni ndani ya mfuko ulioandikwa Bwana Sukari. Mtoto aliyeona muwa ukikatwa ana sababu ya kutaka kujua mfuko unasema nini. Mikumi, barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa inapitisha mchana kutwa mabasi na malori yenye maandishi ubavuni na namba mkiani, na kwa mtoto aliyekaa mbali na lami, salama barazani, hayo ni mazoezi ya kusoma kwa kasi. Dumila, penye nyanya, kuna matenga ya kuhesabiwa na bei za kuandikwa kwa mkaa kwenye kipande cha boksi. Kinachohitajika ni mtu mzima wa kusimamisha macho ya mtoto hapo na kumwuliza: hii ni herufi gani, na hii, ukiziunganisha zinasemaje? Kisha aandike mwenyewe, kwa kijiti ardhini, jina la kile alichokisuka.

Kwamba haya yanaweza kupangwa na kufanikiwa bila gharama kubwa, pwani yetu ilishaonyesha. Katika miaka ya 1980 wazazi Waislamu wa Mombasa, waliotaka watoto wao waingie shule ya msingi wakiwa tayari bila kupoteza dini wala utamaduni wao, waliungwa mkono na Mfuko wa Aga Khan kuanzisha vituo vya awali vilivyokuja kujulikana kama Madrasa. Bi Swafiya Said ndiye aliyeandaa mtaala na kuwafunza walimu, ambao walikuwa wanawake wa mitaa ile ile. Mpango ukafika Zanzibar, kisha Uganda. Vifaa vya kufundishia vilitengenezwa na akina mama kwa vifuu, makuti, mbegu, vizibo na mabaki ya vitambaa. Vituo hivyo havikuwa nyumba za watu, nakubali; lakini vilithibitisha jambo ambalo Kilosa inalihitaji zaidi kuliko majengo, kwamba mwanamke wa kawaida wa mtaani akielekezwa vizuri ni mwalimu wa kweli wa mtoto mdogo, na kwamba kifuu chenye mbegu kumi ndani ni kifaa cha hesabu kisichopitwa na cha dukani.

Mzazi wa mjini Kilosa atanijibu kwa mtihani. Kuna upimaji wa KKK darasa la pili, upimaji wa kitaifa darasa la nne, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Wenzake wanalipia tuisheni, nami namwambia asuke kamba. Wasiwasi wake ni wa haki, na sitaujibu kwa kumwambia mtihani si muhimu, kwa sababu katika nchi hii mtihani huamua maisha. Nitamjibu kwamba tuisheni ya mtoto wa miaka sita humrudisha kwenye benchi lile lile, kwa mkao ule ule, kukariri silabi zile zile alizokariri asubuhi. Kama asubuhi hazikuingia, alasiri amechoka zaidi. Kuandika kunategemea mkono uliokwisha kupata nguvu na macho yaliyozoea kufuata mstari; kusoma kunategemea msamiati na uzoefu wa kusikiliza hadithi ndefu hadi mwisho; hesabu inategemea kushika vitu, kuvigawa na kuvirudisha. Maria Montessori aliliona hilo Roma mwaka 1907 kwa watoto wa wafanyakazi maskini, akawapa kazi za kumimina, kufagia na kushika kabla ya kalamu. Bibi zetu hawakumsoma, na walifanya vivyo hivyo kwa ungo na ukili. Fedha ya tuisheni ya mwezi mmoja inatosha kununua vitabu viwili vya hadithi vya Kiswahili, na vitabu viwili vilivyosomwa mara ishirini vina faida kwa mtoto huyo kuliko mwezi wa kukariri.

Pingamizi la kazi za watoto ni zito zaidi, na Kilosa halikwepeki. Msimu wa mpunga watoto hupelekwa kuamia ndege, wakashinda kwenye dungu tangu alfajiri. Kando ya Hifadhi ya Mikumi mazao hulindwa dhidi ya tembo na ngedere. Twatwatwa na vijiji vingine vya wafugaji Waparakuyo mtoto wa miaka sita hupewa ndama na kondoo wa kuchunga. Ukisema nyumba ifundishe kazi za mikono, je, hujampa mzazi jina zuri la kumtumikisha mtoto? Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kazi zenye madhara kwa mtoto na inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa kazi nyepesi, lakini sheria haikai barazani kuamua kama ukili ulio mkononi ni somo au ni ajira. Napendekeza vipimo vitatu ambavyo mzazi au mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuvitumia bila mwanasheria. Mtoto anaweza kuacha akichoka, na asipate kipigo wala kukosa chakula? Kitu anachokitengeneza akikiharibu, hasara yake ni kuanza upya tu? Yupo mtu anayemwonyesha na kuzungumza naye? Jibu likiwa hapana hata kwa kimoja, hiyo ni kazi na imalizwe hapo. Kuamia ndege siku nzima kunashindwa vipimo vyote vitatu. Kumfuata baba zizini kwa nusu saa, kuwahesabu ndama, kutaja rangi na majina yao, kisha kuwafinyanga kwa udongo, kunavipita.

Kuna familia ambazo msimu ukifika huhama zote, zikaenda kukaa kwenye mashamba ya mbali kwa wiki kadhaa, na mtoto wa awali huenda nazo kwa sababu hana wa kuachiwa. Daftari la mahudhurio humwandika mtoro. Yeye yuko kibandani na mama yake, saa nyingi za mchana, amezungukwa na udongo wa mfinyanzi, mabua, mbegu na muda. Hapo ndipo elimu ya nyumbani inapokuwa ya lazima hata kwa asiyeitaka, na ndipo mwalimu aliyempa mama karatasi moja ya silabi na maelekezo ya dakika kumi kabla ya kuondoka angekuwa amefanya jambo kubwa kuliko kumtishia faini. Mafuriko nayo yana ratiba yake. Mwisho wa 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulipofurika Kilosa, maelfu ya watu walihamia kambini na reli ya kati ikakatika. Wilaya hii haiwezi kujenga elimu ya wadogo wake juu ya dhana kwamba njia ya shule itapitika mwaka mzima.

Wapo watakaosema wazazi wenyewe hawajasoma au wamechoka. Funzo la 2020 linasaidia hapa. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya UVIKO-19 na za msingi zikafunguliwa tarehe 29 Juni, na kwa miezi hiyo mitatu na ushei masomo yalirushwa kwa redio na televisheni. Ilikuwa juhudi ya kuheshimika, ila ilimtaka mtoto mdogo akae kimya asikilize sauti isiyomwona, na ilimtaka mzazi awe msimamizi wa darasa. Kwa umri huu ni mambo mawili magumu kuliko yote. Mama asiyejua kusoma hawezi kusimamia somo la redio, lakini anaweza kusimulia hadithi, kuuliza kitendawili, kufundisha kusuka, kuhesabu kokoto kwa Kisagara au Kividunda, na kumwita binti yake wa darasa la tano amsomee mdogo wake aya moja kabla ya chakula cha usiku. Huyo wa darasa la tano naye hufaidika, kwa kuwa anayesoma kwa sauti mbele ya mdogo wake hulazimika kusoma kwa kueleweka. Kuhusu uchovu sina jibu la kumpendeza mtu. Mama aliyetoka kupalilia amechoka kweli, na baba aliyekaa kijiweni tangu saa tisa amechoka kidogo kuliko yeye. Nusu saa ya mtoto itoke kwanza kwa baba.

Pingamizi linalonigusa kuliko yote linatokana na historia ya wilaya yenyewe. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Shule ni moja ya mahali pachache Kilosa ambapo mtoto wa Mkaguru, wa Msagara na wa Mparakuyo hukaa benchi moja na kugombania kifutio kimoja. Elimu ya nyumbani, kila mtu kwa bibi yake na lugha yake, inaweza kuwarudisha kila mmoja ndani ya boma lake. Ndiyo maana sikubali shule iachwe, hata ingekuwa mbovu kuliko ilivyo. Ila michezo ya alasiri ina njia ya kutoka nje ya ua ambayo benchi halina: mdako hauulizi kabila, na chandimu ya kitongoji kidogo haijazi timu bila watoto wa jirani. Mtoto wa mkulima anayejua kusuka ukili na mtoto wa mfugaji anayejua kutunga shanga kwa mpangilio wa rangi wana kitu halisi cha kubadilishana, na kijiji kinachopanga alasiri mbili kwa wiki za watoto wote kukutana kiwanjani kimefanya kazi ya usalama ambayo askari hawawezi kuifanya.

Na hapa pana kasoro ambayo nyumba haitairekebisha bila kusukumwa. Kwa mazoea mdako, rede, ukili na ufinyanzi ni vya wasichana. Chandimu, magari ya waya na manati ni vya wavulana. Ikiachwa ijiendee, elimu ya nyumbani itamlea mvulana mwenye mapafu na miguu, na msichana mwenye vidole na subira, kisha msichana ataitwa jikoni katikati ya mchezo na mvulana hataitwa kamwe. Mzazi anayeichukua hoja hii kwa dhati amfundishe mwanawe wa kiume kusuka na ampe binti yake mpira na muda wa kuucheza mpaka umalizike. Hilo litahitaji ugomvi kidogo na bibi. Nauona ni ugomvi unaostahili.

Vyombo vya kulisukuma jambo hili viko karibu. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inamhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8, na imeitaja elimu ya awali sambamba na afya, lishe, ulinzi na malezi yenye mwitikio. Kwenye karatasi, basi, nyumba imeshatambuliwa. Chuo cha Ualimu Ilonga kiko ndani ya wilaya. Wanachuo wake wanapokwenda mazoezi ya kufundisha wangeweza kupewa, pamoja na andalio la somo, kazi ya kukaa alasiri chache kwenye kaya za wanafunzi wao, waandike michezo na ufundi wanaoukuta, na watoe kijitabu cha Kiswahili chenye picha ambacho mzazi asiyesoma anaweza kukifuata. Karakana za VETA Mikumi na za mafundi seremala wa mitaani hubakiwa na vipande vya mbao vinavyotosha kuchonga herufi zote za alfabeti kwa kitongoji kizima. Mkutano wa wazazi, ambao kwa kawaida hujadili michango ya chakula na madawati, uongezewe ajenda moja ya kudumu: wiki hii watoto wa awali wamejifunza silabi zipi, na nyumbani tunazitafuta wapi? Chini ya muundo mpya elimu ya msingi imekuwa ya miaka 6 badala ya 7. Mtoto anayeingia darasa la kwanza sasa ana mwaka mmoja pungufu wa kufidia alichokikosa mwanzoni, na wazazi wa Kilosa wanastahili kuelezwa hivyo waziwazi siku ya kumwandikisha, mbele ya mwalimu mkuu na afisa elimu kata, kabla hawajaweka sahihi.